Hivi watu wasionijua wanaiona hofu yangu usoni, au najishtukia tu?

kimya_kingi

Wakuu habari zenu. Nimekuwa nasoma humu muda mrefu bila kuandika kitu, hata hii nimeifuta mara nne kabla ya kuituma kwa hiyo hapo mshaanza kunielewa. Swali langu ni hili na naomba mtu asinijibu "jiamini tu" maana hilo nimeambiwa tangu niko mdogo na halijawahi kunisaidia hata siku moja.

Mimi nina ile hofu ya watu. Sio aibu ya kawaida ya siku ya kwanza kazini, namaanisha ile ya kusimama nje ya mlango wa ofisi dakika kumi unapanga sentensi ya kwanza halafu ukiingia sentensi yenyewe inatoka imepinda. Watu ninaowajua sina shida nao, nikiwa na ndugu zangu naongea mpaka naambiwa ninyamaze wengine nao waongee. Shida ni wageni. Na kinachoniumiza siku hizi sio hofu yenyewe, hiyo nimeizoea kama mtu anavyozoea goti bovu, kinachoniumiza ni kwamba naona kabisa watu wananipokea tofauti. Niko kwenye foleni, mhudumu anacheka na aliyenitangulia, wanataniana na wala hawajuani, nikifika mimi uso unabadilika unakuwa uso wa kazi. "Nikusaidie nini." Basi. Kwenye basi kiti cha pembeni yangu ndo kinajaa mwisho. Nikiingia kwenye lifti watu wanaacha kuongea. Mtu anataka kuuliza njia, ananiruka mimi anamuuliza wa nyuma yangu.

Af kuna siku moja moja naamka niko sawa, sijui kwanini, labda nimelala vizuri au nimepata habari nzuri, na siku hiyo hao hao wageni wananisalimia wenyewe. Ndo maana nashindwa kujiambia ni mawazo yangu tu. Sasa hii kitu inaonekana? Yaani mtu asiyenijua akinitupia jicho sekunde tatu anaona "huyu anaogopa"? Hasa ningependa kuwasikia waliopo upande wa pili, wanaokutana na wageni kutwa nzima.

Mzee_wa_Benchi

Unajishtukia kijana. Hakuna mwenye muda na wewe, kila mtu ana madeni yake kichwani. Mimi juzi nimetembea nusu siku shati nimelivaa nje ndani, nimekuja kugundua nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyeona.

dawati_namba3

Mzee wa Benchi shati waliliona, walikuhurumia tu 😂

Mleta uzi naomba nikujibu mimi maana nakaa mapokezi, mwaka wa kumi na moja huu, sura za wageni ndo kazi yangu. Nitakwambia ukweli hata kama hautaupenda.

Hofu yako siioni. Moyo unavyokwenda mbio, tumbo linavyokukata, maneno uliyoyapanga mlangoni, vyote hivyo mimi sivioni. Ninachokiona ni mtu anayekuja mbele yangu macho yako kwenye simu, hasalimii au anasalimia kwa ndani ndani, anataja shida yake kwa sauti ya chini mpaka inabidi nimuulize tena, nikimuuliza tena ananijibu neno moja kama nimemkera, akishapata alichokuja kuchukua anageuka kabla sijamaliza kuongea. Sasa niambie, ungekuwa umekaa kwenye kiti changu ungesema huyu anaogopa? Mimi miaka mingi nilikuwa nasema huyu anaringa. Anajisikia. Kwa sababu anayeringa na anayeogopa ukiwatazama kutoka hapa nilipo wanafanana karibu kila kitu, wote hawakutazami, wote hawacheki, wote wana haraka ya kuondoka.

Kuna kaka mmoja alikuwa anakuja kila mwezi kufuatilia makaratasi yake. Nilishamweka kwenye kundi la wenye dharau, nikimwona tu mlangoni nanuna kabla hajafika. Siku moja printa ikagoma ikabidi tusubiri wote kama nusu saa, ndo akaanza kuongea kidogo kidogo huku anachanachana kipande cha risiti, akaniambia "mimi kila nikija hapa najua hunipendi". Nilishtuka kwa sababu ni kweli nilikuwa simpendi! Ila nilikuwa simpendi kwa sababu nilidhani yeye ndo hanipendi. Miezi yote ile tunanuniana, kila mtu anamjibu mwenzake jambo ambalo mwenzake hajalisema.

Na huo uso wa kazi unaousema, mimi uso wangu naukopa kwa mteja. Aliyekutangulia kaja na utani nikamrudishia utani, wewe umekuja na ukimya nikakurudishia ukimya, na mara nyingi nafanya hivyo kwa nia njema kabisa, najisemea huyu hataki maneno ngoja nimmalizie haraka aende zake. Kwangu mimi hapo nimekuheshimu. Wewe huko unaenda nyumbani unasema nimekununia.

nusu_kitabu

Dada wa mapokezi kamaliza kila kitu ila acha nami nichomekee, niliwahi kusoma saikolojia (sikumaliza, msiulize) na hii mada ndo iliyokuwa inanifanya nisitoroke kipindi.

Mwaka 1980 kuna watafiti wawili, Robert Kleck na Angelo Strenta, walifanya kitu cha kijanja sana. Waliwachora watu kovu bandia usoni, wakawapa kioo wajione, halafu kabla hawajaingia kuongea na mtu wasiyemjua wakawaambia subiri tupake mafuta kidogo lisije likapasuka, kumbe pale ndo wanalifuta. Mtu anaingia uso msafi kabisa ila yeye kichwani ana kovu. Akitoka anaulizwa mwenzako alikuwaje, anasema alikuwa hana raha, alikuwa ananikodolea, lile kovu lilimsumbua. Kovu halipo! Kwa hiyo sehemu ya unachokiona mleta uzi ni hiyo, ukiingia mahali una uhakika una kitu usoni basi hata anayetafuta saa ya ukutani nyuma yako utaona anakitazama.

Na Mzee wa Benchi naye asidharauliwe. Thomas Gilovich wa chuo cha Cornell na wenzake walichapisha mwaka 2000 utafiti ambao walimvalisha mwanafunzi fulana yenye sura ya mwimbaji Barry Manilow, fulana ambayo kijana wa pale angeona aibu kuonekana nayo, wakamwingiza kwenye chumba chenye wanafunzi wenzake. Aliyevaa alikadiria karibu nusu ya waliomo wameijua ni sura ya nani, kumbe ni kama robo tu. Watu wanapenda kuutaja huu utafiti kama vile hakuna aliyeona. Jamani robo sio sifuri, robo ya chumba waliona.

Sasa hapa ndo penyewe. Mwaka 1986 Rebecca Curtis na Kim Miller walichukua watu wasiojuana wakawaacha waongee wao kwa wao kidogo, halafu wakamdanganya mmoja kwamba yule mwenzako amekupenda, mwingine wakamwambia hakukupenda. Waliporudishwa waongee tena, aliyeamini kapendwa akawa anafunguka, sauti yake nzuri, habishani hovyo, na mwisho kweli akapendwa zaidi. Aliyeamini hakupendwa akajifunga, na kweli hakupendwa sana. Hakuna kilichobadilika zaidi ya uongo mdogo waliopandikizwa. Hiyo ndo ile siku yako unayoamka uko sawa. Sura ni ile ile ila umetoka nyumbani umeshaamini watakupokea.

Na mwaka 1998 Lynn Alden na Peter Bieling waliwachukua wenye hofu hii hii, wakagundua wakiwekwa kwenye mazingira ambayo wanategemea kukubalika wanaongea kama watu wengine tu na wanapendwa kama wengine. Wakitegemea kukataliwa ndo wanaanza kujikinga, na ile kujikinga ndo inawafukuza watu. Nililipenda sana hilo kwa sababu maana yake kuongea unajua, hukuzaliwa umepungukiwa kitu, ila ukihisi hatari unakificha unachokijua.

Kuna David Clark na Adrian Wells, 1995, wao waliielezea vizuri hii ya kujikinga. Mtu akiogopa, macho yake ya ndani yanageuka kujitazama mwenyewe, anajiona kama kuna kamera inamchukua kwa juu, na muda huo hamwoni tena aliye mbele yake. Anashika kikombe kwa nguvu mkono usitetemeke, ile nguvu ndo inautetemesha. Anapanga sentensi inayofuata, kwa hiyo hasikii alichoambiwa. Anaangalia chini asionekane, akiangalia chini ndo haoni kama mwenzake anatabasamu. Ukijumlisha na ya dada wa dawatini unapata picha kamili, hofu yako imejificha vizuri tu, kinachoonekana ni kile kibanda ulichoijengea ijifiche.

kimya_kingi

Nimesoma zote mara mbili mbili. Asanteni, sikutegemea.

Dada wa dawatini hapo kwenye kuringa umenigusa pabaya. Shuleni walikuwa wananiita bosi. Nilikuwa nadhani wananikejeli kwa sababu sina kitu, leo ndo nimeelewa labda walikuwa wanamaanisha kweli.

Na naomba niungame jambo ambalo kwenye swali sikulisema. Hicho kiti cha pembeni kwenye basi, huwa naweka begi. Naliweka makusudi mtu asikae. Na masikioni nakuwa na hedifoni ambazo mara nyingi hazipigi chochote, nazivaa tu watu wasiniongeleshe. Halafu nikifika nyumbani nasikitika hakuna aliyekaa wala aliyeniongelesha. Nimeandika hii sentensi nikacheka peke yangu.

Ila nina swali bado. Nikiacha kujikinga si ndo itaonekana yenyewe sasa? Nikitoa mikono mfukoni inatetemeka. Nikimtazama mtu machoni nalengwalengwa machozi bila sababu. Kwa hiyo nichague lipi, waone ninaringa au waone ninatetemeka?

mkono_wa_kulia

Hapo nijibu mimi, maana ya kwangu INAONEKANA na asije mtu kunidanganya kwamba haionekani. Natokwa jasho juu ya mdomo na mkono unacheza nikisaini kitu mbele ya watu. Nimewahi kusaini fomu sahihi ikakataliwa, wakaniambia haifanani na ile ya mwanzo, rudia. Nikarudia huku watu watatu wananitazama, ikatoka mbaya zaidi ya ile.

Miaka mingi nilikuwa nahangaika kuficha. Mikono mirefu hata jua kali, kalamu naishika kama nataka kuivunja. Nilipoenda kwa mwanasaikolojia kitu kimoja alichonifanyia ni kunirekodi video nikiongea na mtu nisiyemjua, halafu kabla ya kunionyesha akaniambia niandike nitakachokiona. Nikaandika: natetemeka kama jani, sauti inakatikakatika, nimelowa. Tukaitazama. Mkono kweli unacheza, lakini kidogo, kama sijakuambia uuangalie unaweza usiuone. Sauti iko sawa kabisa, sikuamini, nilimwomba arudishe nyuma. Jasho lipo. Ila nikaona kitu ambacho sikukiandika popote. Sicheki. Dakika saba nzima yule mtu anaongea vitu vya kuchekesha na mimi uso umekauka kama hakimu anasoma hukumu. Yaani nguvu zote niliweka kwenye mkono ambao hakuna anayeujali, usoni sikuacha mtu.

Baada ya pale nikaanza kusema mwenyewe mapema. "Mikono yangu hutetemeka nikiwa na watu wapya, msijali, endeleeni." Sitakudanganya kwamba inafanya kazi kila mahali. Kwenye usaili mmoja nilisema hivyo, wawili wakatikisa kichwa na kuendelea, wa tatu akacheka kwa pua. Kazi sikupata na sijui kama ni kwa ajili hiyo. Ila kuna kitu kinatokea ukishasema, unakuwa huna tena siri ya kulinda, na ukishakosa cha kulinda ndo unaanza kumsikia mtu anaongea nini. Pale nilipo sasa wenzangu wanajua, kikombe kikijaa sana kuna mmoja ananipunguzia bila kusema neno na maongezi yanaendelea. Huyo huyo mwezi wa kwanza alikuwa anasema mimi nina nyodo.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, bora waone ninatetemeka. Anayetetemeka watu wanajua wamfanye nini.

pilipili_kidogo

Samahani naharibu hali ya hewa kidogo. Mnaongea kama vile wageni wote ni dada wa mapokezi, watu wenye nia njema ambao wanakosea tu kusoma sura. Mimi ni mwanamke mwenye hii hali na nawaambia kuna watu wanaiona, tena haraka, tena hawaikosei kuiita jina. Wauzaji wa kung'ang'aniza wanaiona. Matapeli wanaiona. Mwanaume anayetafuta wa kumsumbua kwenye gari lililojaa, kati ya wanawake kumi atakuja kusimama kwangu kwa sababu ameshajua sitapiga kelele. Kwa hiyo kwangu swali la "inaonekana?" lina majibu mawili, asiyetafuta haioni na anayeitafuta anaiona tangu mlangoni.

Na ndo maana zile hedifoni na begi mimi siwezi kukwambia uzitupe tu. Zangu zina kazi. Nilichofanya ni kutenganisha, kujikinga na hatari halisi naacha palepale, kujikinga na mhudumu wa duka la dawa ambaye anataka tu kujua nimeandikiwa nini, hapo ndo najilazimisha kuinua kichwa.

Halafu jingine. Sio kila uso mbaya unaokutana nao ni jibu la uso wako. Kuna watu wana roho mbaya. Kuna watu wanakuhukumu kwa mwili wako, rangi yako, mguu wako unaochechemea, ukiwa na hofu juu yake unaanza kujitafutia kosa kwa tabia ya mtu mwingine. Ukichukua haya ya juu ukayabeba vibaya utaanza kuamini kila aliyekujibu ovyo ni wewe umesababisha, na huo nao ni ugonjwa ule ule umebadilisha nguo.

dawati_namba3

Pilipili hili sikulifikiria kabisa na umeniweka sawa. Na niongeze kwamba zipo siku nakuwa na uso mbaya kwa sababu jino linauma tu. Aliyekuja wa kwanza asubuhi hiyo sijui huwa anaenda kusema nini kwao.

mpita_njia

Hivi hii ina dawa au ndo mtu anaishi nayo?

nusu_kitabu

Inatibika, sio lazima iishe yote. Kinachopendekezwa kwanza kwa watu wazima ni tiba ya kuongea, ile ya kushughulika na fikra na tabia, kama aliyofanyiwa mkono_wa_kulia na ile video. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2013 uliiweka mbele ya vidonge. Vidonge navyo vipo, baadhi ni vile vile vya sonona, lakini hivyo ni vya daktari, msiazimane humu. Mtu akiona ameanza kuacha kazi, masomo au hospitali kwa sababu tu ya kukwepa watu, hapo asisubiri uzi wa mtandaoni.

Na tafadhali tusichanganye na haya ya kawaida. Lugha yetu ina haya, soni, aibu, kuona haya, na zote watu wanazitaja kama sifa ya mtu aliyelelewa vizuri, ndo maana mtoto mwenye shida hii anaweza kusifiwa mpaka anakuwa mtu mzima hajawahi kuulizwa kama ana shida.

Mzee_wa_Benchi

Naomba kujua tu, lile shati kweli waliliona?

dawati_namba3

Robo yao 😂

kimya_kingi

Wiki mbili zimepita nimerudi kutoa mrejesho, maana najua humu watu huuliza wakapotea.

Nilianza na mhudumu. Nikainua kichwa, nikamtazama katikati ya nyusi maana machoni bado sijaweza, nikasalimia kwa sauti ambayo kwangu ilikuwa kama napiga kelele. Akasema "sema kaka" bila kuniangalia. Uso wa kazi ule ule. Zamani ningelala na hiyo siku tatu, safari hii nikawaza labda jino. Wa siku ya pili akanijibu vizuri, wa tatu akaniuliza kwanini nachoka chini ya macho, nikamwambia silali, akaanza kunipa ushauri mrefu foleni ikawa inanung'unika nyuma yangu. Kwa hiyo matokeo yangu ni mmoja hakujali, mmoja kawaida, mmoja amezidi.

Mikono nimeitoa mfukoni. Inatetemeka. Hakuna aliyesema kitu mpaka sasa, ila mtoto mmoja aliitazama sana.

Halafu juzi nikaondoa begi kwenye kiti na hedifoni nikaziacha nyumbani. Kituo cha pili tu akapanda mzee mmoja akakaa. Akanisalimia, nikaitikia, nikakosea nikamuuliza na yeye hajambo. Akaanza kunieleza goti lake lilivyoanza kuuma, akaja mkwe wake, akaja kesi ya uzio, majina mengi sana ya watu nisiowajua, na kila nikisema "kumbe" anachukulia ni ruhusa ya kuendelea. Nimeshuka vituo viwili mbele ya kwangu kwa sababu nilishindwa kumkatisha, nikarudi kwa mguu.

Sasa nisaidieni lingine, mtu wa namna hii unamnyamazishaje bila kumvunjia heshima?

Mzee_wa_Benchi

Rudisha begi.